Jiki, mche, unga au jua: dawa ipi kwa doa lipi kwenye nguo za watoto

Shati la shule la mwanangu lilichanika kwapani mwezi wa kumi na mbili, shule zikiwa zimefungwa, na kabla halijageuka tambara la kudekia nikalitia mkasi. Mgongo wake ulitoa vipande vinne. Kwenye kila kipande nikaweka madoa matano yale yale: mchuzi wenye manjano, damu ya kuku, mstari wa kalamu ya wino, utomvu wa embe na udongo mwekundu uliokorogwa kwa maji. Vikalala hivyo hadi asubuhi, maana doa la mtoto mara nyingi tunalikuta kesho yake, nguo ikiwa imekunjamana chini ya kitanda na imeshakauka.

Nilikuwa nataka kumaliza ubishi wa nyumbani kwangu. Dada anayenisaidia kufua haoni doa bila kutafuta chupa ya jiki. Mama yangu, akija kutoka Tanga, anauliza kipande cha sabuni ya mche na anaangalia jua limefika wapi. Mimi nilikuwa mtu wa sabuni ya unga, kwa sababu tu ndiyo inayotangazwa. Na jirani ghorofani alishaninong'oneza kuhusu zile poda za kopo, mfano Vanish ya kopo la pinki, ambazo hazina klorini bali zinatumia oksijeni. Basi: beseni nne, vipande vinne.

Matokeo yalikuwa haya.

| Doa (lililolala usiku mmoja) | Mche na jua | Unga wenye vimeng'enya (enzaimu) | Jiki | Poda ya oksijeni |
|---|---|---|---|---|
| Manjano | Lilitoka siku ya pili juani | Lilififia | Lilitoka upesi | Lilififia sana |
| Damu | Lilibaki duara la kahawia | Lilitoka | Lilibaki la njano | Lilitoka karibu lote |
| Wino | Lilisambaa | Lilibaki | Lilififia | Lilibaki |
| Utomvu wa embe | Lilibaki | Lilififia kidogo | Lilififia | Lilififia |
| Udongo mwekundu | Kilibaki kivuli | Lilitoka karibu lote | Halikuguswa | Kilibaki kivuli |

Hakuna safu iliyoshinda yote, na ukitazama mstari wa wino utaona kwamba beseni zote nne zilishindwa. Huo nitaurudia. Kwanza nianze na chupa ile ambayo wengi wetu tunaikimbilia, kwa sababu ndiyo iliyonigharimu zaidi.

Jiki dhidi ya poda ya oksijeni

Tunasema jiki kwa jina la chapa ya Jik hata chupa ikiwa ya kampuni nyingine. Ndani yake ni maji yenye sodiamu haipokloraiti, na kazi yake ni kuvunja rangi. Haing'oi doa kwenye uzi. Inaliondolea rangi mpaka jicho lisilione. Ndiyo maana manjano yalitoweka nikiwa bado nimesimama pale, na ndiyo maana udongo mwekundu ulibaki ukinitazama. Udongo ule ni mwekundu kwa sababu una chuma kilichokwisha kushika kutu. Jiki nayo inafanya kazi ya kuunguza rangi, na chuma cha kutu kimeshaungua siku nyingi. Hakina tena cha kuunguzwa. Doa la kutu lenyewe, lile linaloachwa na zipu au waya wa kuanikia, ukilipaka jiki unalifanya likomae.

Tatizo la pili la jiki ni kwamba haichagui. Mwaka jana niliweka shati jeupe la shule kwenye ndoo ya jiki, nikapigiwa simu, nikasahau. Shati lilitoka jeupe kweli kweli. Nembo ya shule iliyodariziwa mfukoni, iliyokuwa ya bluu na njano, ilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Nikaenda kununua nembo nyingine na kumlipa fundi aishone, na mtoto akavaa shati la ndugu yake siku mbili. Tangu hapo shati lenye nembo haliingii kwenye ndoo hiyo. Kaptula na sketi zenye lastiki kiunoni ni hivyo hivyo: klorini inakula lastiki, na baada ya miezi michache mtoto anakimbia akiwa ameshika kaptula kwa mkono. Soksi zenye nailoni hugeuka njano badala ya kuwa nyeupe, kisha mtu anaongeza jiki akidhani haikutosha.

Poda ya oksijeni inafanya kazi ile ile ya kuvunja rangi, ila kwa upole. Kwenye lebo utakuta pakaboneti ya sodiamu. Ikiingia kwenye maji inatoa haidrojeni peroksaidi, ndiyo ile dawa ya kusafishia vidonda inayouzwa duka la dawa katika chupa nyeusi au ya kahawia. Nguo nyingi za rangi zinaivumilia. Jaribu kwanza kwenye upindo wa ndani, ulowe kwa dakika kumi, ndipo uamini. Sufu na hariri usiziguse nayo.

Udhaifu wake ni mitatu. Inataka maji ya vuguvugu, yale unayoweza kutia mkono bila kuutoa. Kwenye maji ya bomba ya asubuhi inazembea. Inataka muda, saa mbili tatu, na kwa doa la zamani usiku mzima. Na bei yake inauma ukilinganisha na chupa ya jiki. Mimi nimeamua kuinunua kopo dogo na kuitumia kwa madoa ya matunda peke yake, na hapo inalipa. Zambarau, kwa mfano. Rangi ya zambarau inageukageuka: ukitia sabuni inakuwa bluu, ukitia limau inarudi nyekundu, na wewe unadhani umeharibu nguo zaidi. Loweka kwenye poda ya oksijeni, acha, nenda kapike.

Jiki ina mahali pake. Mtoto akitapika au akiharisha usiku na shuka ni jeupe la pamba, hakuna kitu cha bei hiyo kitakachoua vijidudu vizuri hivyo. Lakini toa uchafu kwanza na usuuze, kwa sababu uchafu wenyewe unaimaliza klorini kabla haijafika kwenye vijidudu. Fuata kipimo cha kwenye chupa, dakika kumi hivi, kisha suuza mara mbili. Nepi za kitambaa zenye mkojo suuza kwa maji matupu kabla hujazikaribisha jiki, maana amonia ya mkojo ikikutana na klorini inatoa hewa inayochoma macho na kifua. Usichanganye na limau wala siki hata tone. Wapo wanaoamini kwamba dawa mbili kwa pamoja zina nguvu mara mbili. Kwenye bafu dogo lisilo na dirisha, hao ndio wanaotoka wakikohoa.

Mche dhidi ya sabuni ya unga

Hapa ushindani ni wa kweli, na jibu linategemea maji unayofulia.

Mche una jambo moja ambalo unga hauna: unaushika mkononi na kuusugua pale pale penye doa. Ukosi wa shati uliojaa jasho na mafuta ya nywele, kisigino cha soksi nyeupe, goti la kaptula la mtoto anayecheza gololi. Lowesha kidogo, paka mche mpaka utando uonekane, acha nusu saa, kisha fikicha kwa vifundo vya vidole. Unga ukiyeyuka kwenye ndoo unagawana nguvu na nguo zote. Kwa ukosi, mimi sina mjadala, ni mche.

Lakini mche ni sabuni halisi ya mafuta, na sabuni ya mafuta haipatani na maji ya chumvi. Wanaofulia maji ya visima hapa Dar wanajua: unasugua, povu halitoki, na juu ya maji kunaelea utando kama wa maziwa yaliyokatika. Utando huo ndio unaonasa kwenye nyuzi na kufanya mashati meupe yawe na rangi ya majivu kufikia mwezi wa sita. Mtu analaumu mtoto, kumbe ni maji. Kama maji yako ni hayo, fulia unga, kwa sababu unga umetengenezwa uweze kufanya kazi hata kwenye maji magumu, au weka akiba ya maji ya mvua au ya bomba kwa ajili ya mashati meupe tu.

Halafu kuna unga na unga. Baadhi ya paketi zimeandikwa kwamba zina vimeng'enya, nyingine hazina, na tofauti yake unaiona kwenye damu, maziwa, yai, uji na matapishi ya mtoto mchanga. Vimeng'enya vinakata protini na wanga vipande vidogo vinavyoondoka na maji. Vinataka maji ya uvuguvugu mdogo na subira, nusu saa kwenda juu. Maji ya moto sana yanaviua. Jiki nayo inaviua, kwa hiyo ile desturi ya kumwaga kifuniko cha jiki kwenye ndoo ya sabuni ya unga ni kununua vitu viwili ili upate kimoja.

Kwenye kipande changu, damu ilitoka kwa unga na haikutoka kwa mche. Sababu moja, nakiri, ni kwamba kile cha mche nilikisugua kwa nguvu nikakipeleka juani kabla hakijasafishika. Damu ikipata joto inaganda kwenye uzi kama yai linavyoganda kikaangoni. Damu ni maji baridi, tena mapema, na chumvi kidogo kama huna kingine. Pasi isiguse nguo kabla hujahakikisha doa limetoka, na walio kwenye nyumba zenye mashine ya kukaushia walichukulie hilo kwa uzito huo huo, kwa sababu joto la mashine ile linapika doa lisitoke tena. Lile duara la kahawia lililobaki nililidondoshea haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3. Ikatoa povu, nikafuta, nikarudia. Mara ya tatu likaisha.

Udongo mwekundu nao unga uliuweza kuliko wengine wote, kwa masharti: uache ukauke kabisa, kung'uta, piga brashi kavu, ndipo uloweke. Ukiusugua ukiwa tope unausukuma ndani ya kitambaa. Walezi wa Moshi, Iringa na Njombe hawahitaji kufundishwa hili. Sisi wa pwani tunalijua likizoni, watoto wakirudi kwa babu na bibi wakiwa na soksi za rangi ya matofali.

Jua, ambalo halimo kwenye rafu ya duka

Mama yangu alilipenda doa la manjano kwenye kipande cha mche. Nilipopaka mche, doa la njano liligeuka jekundu kama tambuu, na dada akashtuka.

"Mama, imeharibika hii."

"Haijaharibika," bibi wa watoto akajibu akiwa amekaa mkekani. "Isuuze uianike. Usiisugue tena, utaichosha nguo bure."

Manjano hubadilika rangi ikikutana na kitu chenye ukali wa sabuni, kisha hurudi njano ikisuuzwa. Hilo halina madhara. Rangi yake haivumilii mwanga: ilifungwa kwenye kamba saa nne asubuhi, jioni ilikuwa imebaki kama chozi la chai, na kesho yake saa saba haikuonekana. Jiki ingefanya hivyo kwa dakika chache, kweli. Lakini jua halimalizi lastiki, haliui nembo kwa siku mbili, na halinunuliwi.

Mawese ni vivyo hivyo. Toa mafuta kwanza kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ambayo kwa mafuta ya chipsi, maandazi na chapati inaishinda kila sabuni ya kufulia niliyowahi kununua. Baada ya hapo inabaki rangi ya machungwa, iachie jua. Tahadhari ni kwa nguo za rangi kali: zigeuze ndani nje, na doa likiisha zitoe, maana jua linalofuta manjano linapausha na fulana nyekundu.

Bluu ya kufulia siiweki kwenye shindano. Haiondoi doa. Inalifanya jicho lione weupe pale ambapo kuna unjano, na ukiizidisha mtoto anakwenda shule na shati lenye mawingu.

Wino na utomvu: beseni zote ziwekwe kando

Mstari wa kalamu ulizishinda dawa zote nne kwa sababu wino wa kalamu ya kawaida una asili ya mafuta. Maji ya sabuni yanauyeyusha kiasi cha kuutawanya tu. Hapa inatakiwa spiriti, ile ya duka la dawa, au kitakasa mikono chenye kilevi kama ndicho kilichopo mezani. Weka kitambaa kilichokunjwa chini ya doa, dondoshea spiriti juu, gandamiza kwa pamba. Usisugue. Wino unashuka kwenye kitambaa cha chini. Sogeza kitambaa upate sehemu safi, rudia. Nilikata kipande kidogo kutoka kwenye kile cha poda nikafanya hivi, na baada ya mara tano sita ulibaki mstari hafifu ambao mwalimu wa zamu hawezi kuuona. Fanya mbali na jiko, na kabla ya kufua, si baada. Wino wa kalamu za jeli haukubali hivi kirahisi, ndiyo maana za kwetu zinakaa nyumbani.

Utomvu wa embe na wa fenesi una ugumu huo huo. Lakini kila anayekata fenesi anajua anachofanya kabla ya kushika kisu: anapaka mafuta mikononi. Kwenye nguo ni mantiki ile ile. Paka mafuta ya kupikia juu ya utomvu, acha ulainike, kwangua kwa kijiko, kisha ondoa mafuta kwa sabuni ya vyombo. Wengine hutumia mafuta ya taa na yanafanya kazi vizuri zaidi, siwezi kubisha. Mimi nimeyaacha kwa sababu ya harufu kwenye nguo za mtoto mdogo, na zaidi kwa sababu ya tabia yetu ya kuyaweka kwenye chupa za maji. Jiki, sabuni ya maji na mafuta ya taa kwenye chupa ya maji ya kunywa, chini ya karo, mahali mtoto wa miaka miwili anapofika kabla yako. Aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja. Kama unanunua sabuni ya maji ya kupimiwa mtaani, nenda na chupa isiyofanana na ya maji.

Limau na chumvi, ambavyo watu wanavisifia kwa kila doa, nimevikuta vina kazi moja kubwa: kutu. Kamua limau, nyunyiza chumvi, weka juani, lowesha tena likikauka. Tindikali ya limau inashika chuma na kukiondoa, jambo ambalo jiki haiwezi. Suuza sana baada ya hapo. Na vinasaidia kidogo kwa bibo na ndizi, ikiwa utawahi doa likiwa bichi. Waliokulia Mtwara na Lindi wanajua msimu wa korosho unavyoacha alama vifuani mwa watoto. Juisi ya bibo ina ukakasi ambao sabuni inaufanya uwe mweusi zaidi. Maji baridi tupu, kisha limau, kisha poda ya oksijeni, na sabuni iwe ya mwisho. Ukianza na mche, umeshalikaribisha likae.

Utomvu wa mgomba uliokwisha kukauka ukawa mweusi, sijaona kitu kilichoung'oa kwenye nguo ya rangi. Kwenye pamba nyeupe jiki itaupunguza, utabaki kama kivuli cha ukungu. Mwanangu mdogo ana fulana ya kijani aliyoivaa siku walipokata mkungu kwa babu yake; michirizi mitatu meusi tumboni. Nilijaribu kila kilichotajwa hapa, kwa siku tofauti. Sasa inaitwa nguo ya shamba, na yeye mwenyewe ndiye anayeikumbuka kuipakia likizo ikifika.